Triga iandike, ratiba itende: skripti zinazojiendesha kando ya hifadhidata

Mfumo wa chama cha akiba na mikopo, hata ule mdogo unaohudumia wanachama wa kata moja, una kazi za aina mbili ambazo hakuna karani anayepaswa kuzianzisha kwa mkono. Ziko kazi zinazosubiri saa: kukokotoa riba ya mwezi, kutayarisha orodha ya waliochelewesha marejesho, kuchukua nakala rudufu ya hifadhidata usiku. Ziko pia kazi zinazosubiri tukio: mwanachama akilipa rejesho kwa simu na mstari mpya ukaingia kwenye jedwali, SMS ya stakabadhi imfikie kabla hajaondoka kwa wakala. Waandishi wengi wa programu huzigawa kazi hizi kama zinavyojigawa zenyewe, za saa wakazipeleka kwa cron, programu inayoendesha amri kwa saa zilizopangwa, na za tukio wakazikabidhi kwa triga ya hifadhidata, amri inayojifyatua jedwali linapobadilika, kisha wakaona wamemaliza. Msimamo wangu ni tofauti kidogo. Triga isifanye kazi yoyote inayotoka nje ya hifadhidata; iandike tu kwamba kuna kazi, na kazi yenyewe ifanywe na skripti inayoamshwa kwa ratiba, hata kama ratiba hiyo ni ya kila dakika.

Mifano yote nitakayotoa ni ya hifadhidata ya PostgreSQL kwenye seva ya Linux. Anayetumia MySQL atakuta mantiki ni ileile, ingawa amri zinatofautiana.

Nianze na ratiba, kwa kuwa ndiyo inayodharauliwa. Programu ya cron ilikuwamo katika Unix Version 7 ya mwaka 1979, na toleo ambalo seva nyingi za Linux zimelirithi ni lile lililoandikwa na Paul Vixie mwaka 1987. Mstari wake wa ratiba una sehemu tano, yaani dakika, saa, siku ya mwezi, mwezi na siku ya wiki, halafu amri yenyewe. Mtu hujifunza hayo kwa muda mfupi, lakini mitego iliyomo ndani yake humtokea mmoja mmoja kwa miaka.

Mtego wa kwanza kwetu sisi ni saa. Seva nyingi za kukodi huja zikiwa zimewekwa kwenye saa za UTC, yaani saa za rejea za dunia nzima, ambazo ziko nyuma ya saa za Afrika Mashariki kwa saa 3, na juu ya hapo meneja wa chama anaposema orodha itoke saa mbili usiku anahesabu kuanzia machweo. Kwa hiyo kuna hesabu mbili za kufanya, na wengi hufanya moja wakasahau nyingine. Njia fupi ni hii: saa ya mchana ya Kiswahili ongeza 3 upate saa ya UTC, na saa ya usiku ongeza 15, ukivuka 23 utoe 24. Saa mbili asubuhi inakuwa 5, saa mbili usiku inakuwa 17, na saa kumi alfajiri inakuwa 1.

Kuna ushauri unaorudiwa sana kwamba seva isibadilishwe kutoka UTC. Ushauri huo una mashiko makubwa katika nchi ambazo saa husogezwa mbele na kurudishwa nyuma kila mwaka, kwa sababu huko kuna usiku ambao saa fulani haipo kabisa na usiku mwingine ambao saa hiyohiyo inapita mara mbili, na cron imelazimika kuwekewa kanuni maalumu za kushughulikia usiku wa namna hiyo. Afrika Mashariki hatusogezi saa. Chama ambacho wanachama wake wote, wakala wake wote na mhasibu wake wako katika ukanda mmoja hakipotezi kitu kikubwa seva yake ikiwekwa kwenye Africa/Dar_es_Salaam, bali kinapata faida kwamba anayesoma faili ya kumbukumbu usiku wa manane halazimiki kupiga hesabu huku amejawa na usingizi. Baada ya kubadilisha, cron iwashwe upya, kwa sababu isipowashwa inaweza kuendelea na saa za zamani. Hesabu ya 3 na 15 bado itahitajika mahali pengine: pg_cron, ile programu nyongeza inayoweka ratiba ndani ya PostgreSQL yenyewe, hufuata GMT (hapa ni sawa na UTC) isipokuwa umeibadilisha, na huduma nyingi za mtandaoni zinazopanga kazi kwa ratiba hufuata UTC.

Mtego unaoumiza zaidi si saa bali tarehe. Kuanzia saa sita usiku hadi saa tisa usiku kwetu, tarehe ya UTC bado ni ya jana. Skripti ya riba inayoendeshwa saa sita na nusu usiku wa kuamkia tarehe 1 Machi, kwenye seva ya UTC, itaiuliza seva leo ni tarehe ngapi na itajibiwa kwamba ni siku ya mwisho ya Februari. Ikiwa imeandikwa ikokotoe riba ya mwezi uliotangulia, itakokotoa ya Januari kwa mara ya pili na ya Februari haitaigusa. PostgreSQL nayo hutoa CURRENT_DATE kulingana na ukanda wa saa uliowekwa kwenye muunganisho husika, kwa hiyo programu mbili zinazosoma jedwali moja zinaweza kutofautiana kuhusu leo ni lini. Kinga ni mbili, na zote zichukuliwe pamoja: skripti itamke ukanda wake wa saa waziwazi, na kazi zinazotegemea tarehe zipangwe baada ya saa tisa usiku, wakati tarehe za pande zote mbili zimekwisha kukubaliana. Mimi hupendelea saa kumi alfajiri.

Hapo ndipo linapoingia swali la mwisho wa mwezi, ambalo cron haina jibu lake. Hakuna namna ya kuandika siku ya mwisho ya mwezi katika zile sehemu tano. Wengi huandika 28-31 kisha wakaongeza sharti la kuangalia kama kesho ni tarehe 01, na hapo hukutana na kioja kingine, kwamba alama ya asilimia ndani ya mstari wa cron huhesabiwa kuwa mwisho wa mstari isipotanguliwa na mkwaju wa nyuma (\), na kwa hiyo amri ya tarehe iliyofanya kazi vizuri kwenye skrini hukatika katikati. Lakini kwa maoni yangu swali lenyewe limewekwa vibaya. Siku ya mwisho ya mwezi haijaisha mpaka iishe, na mwanachama anaweza kulipa saa tano na dakika hamsini usiku. Riba ya mwezi ikokotolewe tarehe 1 alfajiri, kwa mwezi uliokwisha kufungwa, na tatizo zima linatoweka.

Mitego iliyobaki nitaipitia haraka. Ukijaza siku ya mwezi na siku ya wiki kwa pamoja, kazi itaendeshwa siku mojawapo ikitimia, si zote mbili. Anayetaka Ijumaa ya tarehe 13 atapata kila Ijumaa na kila tarehe 13. Cron huipa skripti mazingira machache sana, na njia za kutafutia programu huwa /usr/bin na /bin pekee, ndiyo maana skripti iliyokwenda sawa ilipoandikwa kwa mkono hushindwa ikijiendesha. Amri ya crontab -r hufuta ratiba yote bila kuuliza, nayo herufi r iko jirani kabisa na e ambayo ndiyo ya kuhariri. Matokeo na makosa ya skripti hutumwa kwa barua pepe ya ndani ya seva, na kwenye Debian na ndugu zake, kama hakuna programu ya kutuma barua, hutupwa, ukabaki ujumbe mmoja tu kwenye kumbukumbu za mfumo kwamba yametupwa. Ikiwa seva iko ofisini na umeme hukatika, kazi iliyopita wakati seva imezimwa haitafidiwa na cron; ratiba za systemd, mfumo unaosimamia huduma kwenye Linux nyingi, zikiwekewa Persistent=true huendesha kazi iliyokosekana mara seva inapowaka, na kwa ofisi za namna hiyo hiyo peke yake ni sababu ya kutosha ya kuhama.

Sasa triga. Triga ni amri unayoifunga kwenye jedwali ili ifyatuke kila mstari unapoingizwa, kubadilishwa au kufutwa, na utamu wake ni kwamba haijali mabadiliko yametoka wapi: fomu ya karani, malipo ya simu, au mhasibu aliyeingia moja kwa moja kwenye hifadhidata kurekebisha kiasi. Hakuna mlango wa pembeni. Ni kwa sababu hiyo watu hushawishika kuipa kazi nzima, na PostgreSQL inaruhusu, maana kwa lugha kama plpython3u, au kwa COPY TO PROGRAM, triga inaweza kuita amri iliyo nje kabisa ya hifadhidata na kutuma SMS papo hapo.

Kinachosahaulika ni kwamba triga hufanya kazi ndani ya muamala uleule (fungu la amri linalokamilika lote au kubatilishwa lote) ulioingiza malipo ya mwanachama kwenye jedwali la marejesho. Fikiria yanayofuata. Kampuni ya kupitisha SMS ikichelewa kujibu kwa nusu dakika, muamala wa malipo nao unasubiri nusu dakika, kufuli zake, zinazozuia wengine wasibadilishe mistari ileile, zikiwa zimeshikwa, na skrini ya karani imeganda mbele ya foleni ya watu. Kampuni hiyo ikirudisha kosa na triga isilidake, muamala mzima unabatilishwa: fedha imepokelewa, lakini hifadhidata imekataa kuiandika kwa sababu ya stakabadhi. Kinyume chake nacho kipo. SMS imekwenda, kisha hatua inayofuata ya muamala ikashindwa na kila kitu kikarudishwa nyuma. Mwanachama anashikilia simu yenye uthibitisho wa rejesho ambalo halipo mahali popote, na SMS haina amri ya kurudishwa nyuma. Kati ya hali hizo, hii ya mwisho ndiyo ninayoiona haiwezi kutetewa mbele ya mkutano mkuu wa wanachama.

Kuna na suala la wingi. Mhasibu akisahihisha msimbo wa tawi kwenye mistari 5,000 kwa amri moja, triga ya kila mstari iliyofungwa kwenye mabadiliko itafyatuka mara 5,000. Vivyo hivyo anayerejesha data peke yake kutoka kwenye nakala rudufu, bila kutumia chaguo la kuzima triga, atashangaa stakabadhi za mwaka jana zikiwafikia watu upya.

Kwa hiyo wengine huachana na triga wakageukia ratiba tupu: kila baada ya dakika moja skripti iulize ni mistari gani imebadilika tangu ilipoendeshwa mara ya mwisho, kwa kulinganisha safu ya muda wa mabadiliko na muda iliouhifadhi. Njia hii inaonekana salama, na kwa miezi itaonekana salama. Lakini ina tundu ambalo ni gumu kuliona kwa majaribio ya kawaida. Katika PostgreSQL, now() hutoa muda ambao muamala ulianza, si muda uliokamilika. Chukua muamala ulioanza saa nne kamili asubuhi na kukamilika sekunde 40 baadaye, na skripti iliyopita sekunde ya 30. Skripti haikuuona mstari huo, kwa kuwa muamala ulikuwa haujakamilika, lakini iliuona mstari wa mwingine wa sekunde ya 25 na ikahifadhi alama hiyo. Zamu inayofuata inatafuta mistari iliyo baada ya sekunde ya 25. Mstari wetu una alama ya saa nne kamili, na kwa hiyo hautachukuliwa kamwe. Kutumia namba za mfululizo badala ya muda hakusaidii, kwani namba nazo hugawiwa kabla muamala haujakamilika na zinaweza kuonekana kwa mpangilio tofauti na zilivyotolewa. Wapo wanaorudi nyuma dakika kadhaa kila zamu ili kuziba pengo, na hilo hupunguza tatizo hadi siku atakapotokea mtu mwenye muamala mrefu kuliko dakika hizo.

Ninachokipendekeza huunganisha njia hizo mbili. Triga iandike mstari mmoja kwenye jedwali la foleni, ndani ya muamala uleule, ili rejesho na ahadi ya stakabadhi yake viingie pamoja au vikose pamoja:

```
CREATE FUNCTION weka_foleni() RETURNS trigger AS $$
BEGIN
  INSERT INTO foleni_sms (rejesho_id) VALUES (NEW.id);
  PERFORM pg_notify('sms_mpya', '');
  RETURN NULL;
END;
$$ LANGUAGE plpgsql;

CREATE TRIGGER rejesho_jipya
AFTER INSERT ON marejesho
FOR EACH ROW EXECUTE FUNCTION weka_foleni();
```

Skripti ya ratiba haihitaji kukumbuka chochote kuhusu zamu iliyopita. Inauliza tu nini hakijatumwa:

```
SELECT id, rejesho_id FROM foleni_sms
WHERE imetumwa IS NULL
ORDER BY id
LIMIT 20
FOR UPDATE SKIP LOCKED;
```

Muamala uliochelewa kukamilika hauna madhara hapa, kwa sababu mstari wake utaonekana mara utakapokamilika na safu yake ya imetumwa bado itakuwa tupu. SKIP LOCKED, iliyoingia katika PostgreSQL 9.5 mwanzoni mwa 2016, huifanya skripti iruke mistari iliyoshikwa na skripti nyingine badala ya kuisubiri, hivyo unaweza kuendesha mbili au tatu kwa pamoja siku ya mwisho wa mwezi bila kugombana. LIMIT ibaki ndogo, kwani kufuli hukaa muda wote wa kutuma.

Ule mwito wa pg_notify ni wa hiari. Ipo programu ndogo inayoweza kubaki imeunganishwa ikisikiliza kwa LISTEN, ikaamka sekunde ileile badala ya kungoja dakika igeuke. PostgreSQL hutoa taarifa hiyo baada tu ya muamala kukamilika, na taarifa zinazofanana ndani ya muamala mmoja huunganishwa kuwa moja, kwa hiyo malipo 400 yaliyoingizwa kwa pamoja huamsha mara moja tu. Hata hivyo, kama hakuna anayesikiliza wakati huo, taarifa inapotea na haihifadhiwi popote. Ndiyo maana siiwekei kazi ndani yake, wala namba ya rejesho. Iamshe tu, na ikipotea, ratiba ya dakika itayakuta yaliyobaki.

Kinachobaki ni swali ambalo hakuna hifadhidata itakayokutatulia: mstari utiwe alama kabla ya kutuma au baada? Ukitia alama na kukamilisha muamala kabla, skripti ikifa katikati stakabadhi inapotea. Ukitia alama baada, skripti ikifa kati ya kutuma na kutia alama, mwanachama atapata SMS mbili. Kwa stakabadhi nachagua mbili bila kusita, kwa sababu aliyepata mbili atauliza na aliyekosa atanung'unika kimya. Kwa mkopo unaotumwa kwenye simu ya mwanachama jibu haliwezi kuwa hilo. Huko kila mstari wa foleni upewe namba ya kumbukumbu isiyojirudia tangu unapoandikwa, namba hiyo itumwe pamoja na ombi la malipo ili upande wa pili uweze kulitambua ombi lililorudiwa, na mstari ambao jibu lake halikurejea usirudiwe na skripti bali uwekwe pembeni mpaka mtu aulize hali yake. Otomatiki inayotuma fedha bila kizuizi hicho sitaiwasha.

Ratiba nzima, kwenye seva iliyowekwa saa za kwetu, inakuwa fupi:

```
PATH=/usr/local/bin:/usr/bin:/bin
* * * * *   flock -n /run/lock/sms.lock /opt/chama/tuma_sms.sh
0 4 1 * *   /opt/chama/riba_ya_mwezi.sh
30 4 * * *  /opt/chama/nakala_rudufu.sh
0 5 * * 0   /opt/chama/safisha_foleni.sh
```

Amri ya flock huzuia zamu mpya isianze kabla ya ile ya awali kumaliza, na kufuli yake huachiliwa na mfumo wenyewe mchakato unapokufa, tofauti na zile faili za namba ya mchakato ambazo watu hujitengenezea na ambazo hubaki baada ya umeme kukatika, zikizuia kazi isiyokuwapo. Anayetaka skripti mbili za kutuma kwa pamoja azipe faili mbili za kufuli.

Skripti ya riba nayo inahitaji kinga yake: sharti la upekee kwenye jedwali la riba, kwa mkopo na mwezi, ili hata ikiendeshwa mara mbili kwa bahati mbaya, mara ya pili ikataliwe na hifadhidata. Hilo ni jambo la mstari mmoja wa SQL, na linamwezesha mhasibu kuirudia skripti kwa mkono pale anapokuwa na shaka bila kumpigia mtu simu.

Kuhusu kazi inayokufa kimyakimya, kila skripti kati ya hizi iandike mwisho wake, ikishafanikiwa, jina lake na muda kwenye jedwali moja. Kisha mashine nyingine, si seva hiyohiyo, isome jedwali hilo kila asubuhi na ipige kelele ikiwa jina lolote limepitwa na wakati wake, au ikiwa haikuweza kuunganishwa kabisa. Kutuma taarifa pale kazi inaposhindwa hakutoshi, maana seva iliyozimwa haitumi taarifa ya kuzimwa kwake. Foleni nayo ipimwe kwa umri wa mstari mkongwe ambao haujatumwa, si kwa idadi ya mistari: mistari 300 ya dakika moja iliyopita ni siku njema ya marejesho, lakini mmoja wa tangu juzi ni SMS yenye namba mbovu ya simu ambayo skripti inairudia kila dakika. Mstari wa namna hiyo uhesabiwe majaribio, na ukifika kikomo utolewe kwenye foleni upelekwe kwenye orodha ya karani.

Safisha_foleni hufuta kila Jumapili mistari iliyotumwa zaidi ya siku 90 zilizopita, kwa mafungu ya elfu chache, ili jedwali lisivimbe. Iliyofika kikomo na kupelekwa kwa karani haiifuti, hiyo huiacha mpaka karani atakapoandika kwamba amempata mwanachama na kurekebisha namba yake.